Sura ya Tisa: Kitanda cha Nne Kimetulia

Daktari wa maiti hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimkaribisha Inspekta katika ofisi iliyonuka dawa ya kuoshea sakafu, akamsukumia ripoti yenye kurasa tatu, akaendelea na chai yake. Sumu haikuwepo. Mtoto wa kike wa miaka tisa alikufa kwa kidole tumbo kilichovimba, kikapasuka, kikamwaga usaha tumboni.

Inspekta alizisoma kurasa zote tatu, kisha akazirudia kuanzia mwanzo. Kituoni walimwita Rula, kwa sababu hajawahi kuandika neno kabla ya kuchora mstari. Kila karatasi yake ilikuwa na safu mbili, saa upande wa kushoto, na upande wa kulia mtu aliyeona. Kwa miaka ishirini na sita mizaha ya wenzake ilikuwa ikiingia sikio hili na kutokea lile. Siku hizi hata maiti ya mtoto haikumfanya kitu, na jambo hilo lilimkera kidogo, kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi lakini hana haraka ya kuinuka.

Mama wa kambo wa marehemu alikuwa mahabusu tangu Jumanne jioni. Aliyempeleka huko ni shangazi wa mtoto, dada wa baba, ambaye alisimama katikati ya korido ya hospitali na kutangaza kwamba chai ya mwanamke yule ilikuwa na kitu ndani yake. Leo Alhamisi, sumu ilipokosekana, hospitali ilikuwa imeleta barua yake. Ilisema kwamba kwenye mkoba wa mama huyo kulikutwa karatasi ya kung'aa ya vidonge kumi vya maumivu, vishimo vyote vikiwa vitupu. Eti alimnywesha mtoto kwa siri tangu Jumatatu, maumivu yakajificha, na madaktari wakapotoshwa. Mkuu wa kituo aliipenda barua hiyo mno. Ikifika saa nane mchana, alisema, faili liende kwa mwendesha mashtaka na mama asomewe shtaka la kuua. Kwa sasa ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Tumboni ulikuta vidonge?" aliuliza Rula.

"Viwili. Vilikuwa bado na umbo lake."

"Eti?"

Daktari wa maiti alishusha kikombe. Alieleza kwamba usaha ukishasambaa tumboni, utumbo husimama kazi, na chochote kitakachomezwa baada ya hapo hukaa palepale kilipoangukia. Vidonge vile viwili vililainika juu tu. Vilimezwa Jumanne, saa chache kabla ya kifo, wakati tumbo limeshalala. Kwenye damu dawa hiyo ilikuwa kidogo mno, haifiki hata ya kumtuliza paka.

"Na vinane vingine?"

"Vinane sikuviona, na kwenye damu havimo. Mimi naandika nilichokiona, afande. Kutafuta ni kazi yako."

Rula alichora mstari wake.

*

Chumba cha kusubiria upasuaji kilikuwa na vitanda sita vilivyotenganishwa kwa mapazia ya kijani, watu wazima na watoto wakichanganywa pamoja, maana meza ya upasuaji ilikuwa moja na mpasuaji alikuwa mmoja. Mlangoni palikuwa na meza ya Sista mkuu, na juu ya meza trei ya mbao iliyojaa mafaili. Kitanda cha nne kilikuwa kimeshapata mgonjwa mwingine, mzee aliyelala na viatu vyake.

Sista alikuwa mwanamke mnene, mwenye saa iliyobanwa kifuani na sauti ya mtu asiyebishiwa. Hakuwa mkaidi. Alitoa kila karatasi aliyoombwa, akaeleza habari ya mtoto tangu alipoletwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Maumivu yalikuwa yamemwanza Jumamosi usiku pale kwenye kitovu. Jumapili asubuhi akatapika, mama wa kambo akakimbilia duka la dawa, akauziwa dawa ya minyoo. Jioni yake maumivu yakahama, yakateremka upande wa kulia chini. Daktari wa zamu alimlaza chali, akabonyeza pale polepole kisha akaachia ghafla, na mtoto akapiga yowe lililosikika mpaka jikoni. Akamwambia aruke kwa mguu mmoja, akashindwa. Ikaandikwa kidole tumbo, apasuliwe leo, asile wala asinywe, awekewe dripu.

"Dawa ya maumivu mlimpa?"

"Mgonjwa wa tumbo hapewi dawa ya maumivu kabla mpasuaji hajamwona," alisema Sista. "Itaficha ugonjwa. Nilifundishwa hivyo na ndivyo ninavyowafundisha hawa wasichana wangu. Kwa hiyo mtoto analia tangu asubuhi, halafu saa tano ananyamaza ghafla, wewe ungesemaje? Kuna mkono wa mtu."

Maneno hayo yalikaa sawa kabisa, na Rula aliona jinsi Mkuu wa kituo alivyoyameza bila maji. Mtoto alinyamaza, vidonge vilikutwa, mama wa kambo alikuwa karibu. Aliyaandika yote kwenye safu zake. Kisha akaomba karatasi iliyokuwa ikining'inia miguuni pa kitanda cha nne, na orodha ya upasuaji ya Jumatatu.

Kwenye karatasi ya kitanda, saa tano, iliandikwa neno moja: ametulia. Kando yake kulikuwa na tarakimu. Saa mbili joto lilikuwa thelathini na nane na mapigo ya moyo mia moja na kumi. Saa tano mapigo yalikuwa mia moja na thelathini. Saa kumi jioni joto lilifika thelathini na tisa na nusu na mapigo mia moja na hamsini, na mwandishi yuleyule akarudia kwa mwandiko uleule kwamba mgonjwa ametulia. Rula hakuwa daktari. Lakini alishawahi kuhoji watu wengi waliotulia usoni huku mishipa ya shingo ikiwadunda, na hakuwahi kuwaandika kwamba wametulia.

Orodha ya upasuaji ilikuwa ya penseli, majina matano. Mtoto alikuwa namba mbili, namba ikafutwa kwa ufutio, akawekwa namba tano.

"Nani alifuta hapa?"

"Mimi."

"Sababu?"

"Alitulia."

Alimtazama Inspekta kwa huruma kidogo, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. Mpasuaji akitoka chumbani anachukua faili la juu kwenye trei, hana muda wa kuchagua. Anayelia zaidi ndiye anayewekwa juu. Akinyamaza, anashuka, na mwingine anayelia anapanda. Ameipanga trei ile kwa miaka ishirini na miwili, na wapasuaji watano wamepita mikononi mwake bila mmoja kulalamika.

"Ni kazi ya macho na masikio, afande. Zaidi masikio."

"Alipotulia, ulikwenda kumbonyeza tumbo?"

"Mtoto ametulia, nimbonyeze wa nini? Nimwamshie maumivu?"

Rula aliuliza nani alipanda baada ya kitanda cha nne kushuka. Sista hakuhitaji kutazama orodha. Alikuwa kitanda cha sita, mwenye bucha, mtu mwenye sauti ya kuuzia nyama, na leo anaruhusiwa kwenda nyumbani.

*

Mwenye bucha alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda katika wodi ya wanaume, amevaa shati lake la kuondokea, mkono mmoja kwenye mshono. Alimwomba afande asimchekeshe, maana kicheko kinamkata tumbo. Rula alimhakikishia kwamba katika maisha yake hajawahi kumchekesha mtu.

Alisimulia bila kusukumwa. Alikuwa na kidole tumbo, ndiyo, na kiliuma, lakini si kuuma kwa kulia. Alikuwa amejikunja anamwomba Mungu kimoyomoyo, basi jirani yake wa kitanda cha tano, bwana mmoja wa ngiri aliyelazwa pale mara tatu, akamnong'oneza kupitia pazia kwamba ukinyamaza hapa utaota mizizi. Hapa wanasikiliza, hawatazami. Mwenye bucha akafikiri kidogo, akavuta pumzi, akaanza.

"Nililia, afande, mpaka nikajionea aibu mwenyewe. Nimeshachinja ng'ombe asiyepiga kelele kama zile."

"Na mtoto wa kitanda cha nne?"

Mtoto alikuwa analia kabla yake, alisema. Walilia pamoja kwa muda, yeye kwa ujanja na mtoto kwa kweli. Halafu kama saa tano upande wa mtoto ukawa kimya, na baada ya dakika kumi wasichana wa Sista wakaja na kitanda cha magurudumu kumchukua yeye. Vidonge? Nani angempa? Jumatatu, mpaka yeye anaondolewa, hakuja mgeni hata mmoja kitanda kile. Alikuwepo mama yake tu. Pazia lilikuwa na tundu, na alimwona akilowanisha kitambaa na kumpaka mtoto midomoni, kisha akikikamua kando, kwa sababu Sista alisema hata tone la maji lisipite. Mtoto aliomba maji na mama akakataa huku anafuta machozi.

Rula aliyaandika haya yote polepole. Alipofunga daftari, mwenye bucha alimuuliza yule mtoto alipasuliwa saa ngapi siku ile, na sasa anaendeleaje.

"Hakupasuliwa siku ile. Alipasuliwa Jumanne, akafariki."

Yule mtu mkubwa alitazama miguu yake. Mkewe alikuja na mfuko wa nguo akamwambia gari liko nje, naye akaitikia lakini hakuinuka. Rula alimwacha hapo.

*

Mpasuaji alipatikana saa tano unusu, kwenye sinki la kunawia mikono, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Alikuwa kijana kuliko Rula alivyotegemea, macho mekundu, na alizungumza huku maji yakimchuruzika viwikoni. Inspekta alimshikia karatasi ya kitanda cha nne mbele ya uso. Alizitazama tarakimu, akafunga bomba.

"Kilipasuka hapo," alisema. "Saa tano, Jumatatu."

"Lakini wanasema hapo ndipo alipopata nafuu."

"Ndiyo. Kidole tumbo kikivimba kinabana, kinauma. Kikipasuka, ile presha inaisha, maumivu yanashuka. Mgonjwa anaweza hata kutabasamu. Hiyo nafuu ni ya saa chache tu, afande, na moyo wake unakuambia ukweli, tazama unavyokimbia. Hapo ndipo tunapotakiwa kukimbia na sisi."

Rula aliuliza kama vidonge viwili vya maumivu vingeweza kuficha yote hayo. Mpasuaji alitikisa kichwa. Hayo ni mafundisho ya zamani. Siku hizi mgonjwa anapewa dawa ya maumivu mara tu anapofika, mtoto kwa mkubwa, na mwenye mikono inayojua kubonyeza hadanganyiki. Akaulizwa habari za mwenye bucha. Alikumbuka. Kidole tumbo chekundu tu, hakijatoboka, mtu mzima mwenye afya. Yule angeweza kungoja mpaka kesho yake, na wengine wa aina yake huwatibu kwa dawa za dripu bila hata kisu. Mtoto hangoji. Kwa mtoto kinapasuka upesi, na tumbo lake halina kinga ya kutosha kuuzuia usaha usienee.

"Kwa hiyo ulimpasua anayeweza kungoja."

"Nilichukua faili la juu."

Alieleza yaliyobaki kwa sentensi fupi. Jumatatu mgonjwa aliyekuwa namba nne kwenye orodha alikuwa na utumbo uliojisokota, akamaliza naye usiku. Namba tano ikasogezwa Jumanne. Jumanne asubuhi waliingia wawili wa ajali, wanapiga kelele. Alipomfikia mtoto ilikuwa saa tisa alasiri, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Alikufa mezani saa kumi na moja.

"Sista anasema watu wa tumbo hawapewi dawa ya maumivu. Hujawahi kumwambia?"

"Hajawahi kuniuliza. Na mimi sijawahi kumuuliza anapangaje trei." Alifungua bomba tena. "Anayelia bado ana nguvu za kulia. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua hilo. Mimi nimefanya kazi hapa miaka miwili, kila siku nachukua faili la juu."

Alinawa kwa muda mrefu. Mtu aliyevaa barakoa alimwita kutoka mlangoni mara mbili.

*

Kulibaki swali la vidonge, kwa sababu Mkuu wa kituo hakuwa mtu wa kuachia kitu alichoshika mkononi bila kupewa kingine. Rula alifika nyumbani kwa wafiwa saa sita mchana. Baba wa mtoto alikuwa kwenye benchi nje, anatazama ukuta wa jirani. Alikuwa safarini kikazi mtoto alipougua, akarudi kuzika. Aliitikia salamu ya Inspekta, lakini alipoulizwa kama amekwenda kumwona mkewe kituoni, alisema dada yake amemshauri asubiri kwanza.

Dada mtu alikuwa ndani, kwenye kiti kigumu, ametia mto mgongoni. Rula alitambua namna alivyoketi, nusu nusu, akiegemea upande mmoja. Alimpa pole ya msiba kama inavyostahili. Kisha akamuuliza mgongo umemwanza lini.

Siku nyingi, alisema shangazi. Basi lililomleta Jumanne ndilo lililommaliza kabisa, saa saba za kurushwarushwa. Alishuka kituo cha mabasi na kwenda moja kwa moja hospitali na mizigo yake, akafika muda wa kuona wagonjwa, saa saba mchana. Waliruhusu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo wifi yake akatoka nje kumpisha. Akiwa anasimulia alifungua mkoba, akatoa karatasi ya kung'aa ya vidonge, akatumbua kimoja na kukimeza kwa chai iliyopoa.

"Hiyo ni mpya," alisema Rula.

"Nimenunua jana."

"Ile ya zamani iliisha lini?"

Shangazi aliirudisha karatasi mkobani na kufunga zipu. Nje, jirani aliuliza kama kuna sufuria nyingine, na mtu akamjibu kwamba ziko kwa mpangaji.

"Mama, tumboni mwa mtoto kulikuwa na vidonge viwili tu. Vilivyobaki kwenye ile karatasi vilimezwa na mtu mwingine, mtu mwenye maumivu ya siku nyingi. Sikuja kukukamata."

"Nilimkuta ameloa jasho," alisema shangazi. "Amekunja magoti, hasemi. Mtoto wa kaka yangu, nimemlea kwa mikono hii mama yake alipofariki. Nikasema angalau alale. Nilikuwa nimebakiwa na viwili. Nikampa vyote viwili, mimi nikabaki na mgongo wangu."

"Karatasi ukaiacha kitandani."

"Sikumbuki. Labda."

"Nadhani wifi yako akarudi, akaiona imetupwa kwenye shuka, akaitia mkobani mwake aende kuitupa. Jioni wakampekua."

Shangazi aliusogeza mto mgongoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Mwanzo nilisema chai kwa sababu niliamini chai. Halafu wakasema ni vidonge ndivyo vilivyomuua." Alikuwa anazungusha pete kidoleni. "Hebu jiweke mahali pangu, afande. Ningesema nini?"

Rula alimwambia kwamba vidonge havikumuua mtoto, wala havikumsaidia. Vilikaa tumboni tu kama alivyovimeza. Mwanamke yule alifunga macho, mabega yake yakashuka, akauliza kama ana hakika. Ana hakika. Aliuliza tena, akajibiwa tena. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Inspekta aingie, na Rula akangoja huku kalamu iko mkononi. Alitia sahihi maelezo yake bila kuyasoma. Mpaka Inspekta anavaa viatu mlangoni, hakuwa ameuliza habari za wifi yake.

*

Mkuu wa kituo alizisoma safu mbili za Rula akiwa amesimama. Saa saba unusu. Alipofika chini alirudi juu, akavuta pumzi kwa pua.

"Kwa hiyo nimshtaki nani, Rula? Trei?"

Rula alijibu kwamba hilo wataamua wakubwa wa afya na mwendesha mashtaka. Kwa upande wake ana mtoto aliyepasuka kidole tumbo Jumatatu saa tano, daktari aliyeandika apasuliwe siku ileile, Sista aliyefuta namba, na mpasuaji aliyechukua faili la juu. Vidonge vilifika siku ya pili. Mwanamke aliyeko mahabusu hakumpa mtoto kitu, hata maji. Mkuu alinung'unika kwamba barua ya hospitali ilikuwa imeandikwa vizuri kweli. Kisha akatia sahihi fomu ya kumwachia, maana hakuwa mtu mbaya, alipenda tu mambo yaishe.

"Hapa pako wazi," alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Jumatatu saa tano, upande wa aliyeona. Wakili wa hospitali ataanzia hapo. Atasema nani anajua mtoto alinyamaza saa ngapi. Jaza, halafu mwondoe."

Mama wa kambo aliletwa kwenye chumba cha maelezo akiwa na kanga ileile ya Jumanne. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye alama za sindano kwenye ncha za vidole, aliyeolewa katika nyumba ile mwaka mmoja na miezi kadhaa iliyopita. Rula alimwambia kwanza kwamba yuko huru, kwa sababu aliona si haki kumuuliza mtu akiwa bado anaogopa. Alimsomea kwa ufupi yaliyopatikana. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho bila kushtuka, mikono kwenye mapaja. Habari ya vidonge vya wifi yake alisema tu, "Kumbe."

Akamuuliza Inspekta swali moja. Faili la mtoto walilishusha kwa nini, wakati daktari wa zamu aliandika leo?

"Kwa sababu aliacha kulia. Pale anayelia ndiye anayewekwa juu."

"Sista anakaa pale mlangoni," alisema mwanamke. "Kutoka pale hasikii nani analia na nani amenyamaza. Yule wa bucha alikuwa anapiga kelele ukumbi mzima. Sista alijuaje?"

Rula alikuwa na kalamu juu ya nafasi iliyo wazi. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutaka jibu, na alijua kwamba hataki.

"Mtoto aliniambia tumbo haliumi tena," alisema mwanamke. "Ilikuwa saa tano, nilitazama saa ya ukutani. Alikuwa amelia tangu Jumamosi. Akaniambia, mama, limeacha. Nikamshika tumbo, hakulia. Nikaenda mpaka kwa Sista. Nilienda mbio, afande, mtu mmoja akanifokea nisikimbie. Nikamwambia mwanangu amepata nafuu, hasikii maumivu."

"Sista ndiye aliyefuta namba."

"Kwa maneno yangu."

"Ulisema ulichokiona. Mama yeyote angesema."

Hakumbishia. Alimwambia aandike tu, na Rula akaandika saa, na upande wa kulia akaandika mama. Ganzi ya siku nzima ilikuwa imemtoka bila kumpa taarifa. Aliyaandika maelezo yake chini ya safu, sentensi kwa sentensi, jinsi alivyoyatoa, kisha akamsomea kwa sauti kama sheria inavyotaka. Alimwonyesha mahali pa sahihi.

Mwanamke alichukua kalamu, akaishika kama sindano, lakini hakutia sahihi.

"Umeruka kitu," alisema.

Rula aliipitia karatasi. Saa ilikuwepo, maneno ya mtoto yalikuwepo, Sista alikuwepo. Alimuuliza ni kipi.

"Andika kwamba nilifurahi."

Inspekta aliirudisha kalamu upande wake wa meza, akatafuta nafasi kati ya mistari, akaandika.